Kukinga Mahali Patakatifu pa Kale Vita Vinapokaribia: Mwongozo Kamili

Kosa ni lilelile kila mara. Watu wanasikia mizinga kwa mbali, wanakimbilia mchanga, wanajaza mifuko na kuiegemeza kwenye ukuta wa hekalu au kaburi la kale, kisha wanapiga picha na kuzisambaza. Miezi sita baadaye ukuta haujaguswa na bomu lolote, lakini plasta yake imevimba na kumeguka kwa unyevu. Na vile vitu vya ndani vilivyoonekana kwenye picha havipo tena.

Mwongozo huu ni wa wanaoishi karibu na eneo lenyewe: walinzi, wahudumu wa ibada, watumishi wa idara ya malikale, waashi, walimu. Fuata hatua kwa mpangilio, maana karibu kila moja inaitegemea iliyotangulia. Mifuko ya mchanga, kwa taarifa yako, ni hatua ya 6.

## Vitu vya kuwa navyo

Vya kumbukumbu: daftari lenye jalada gumu, penseli (wino huyeyuka karatasi ikilowa), futikamba, rula ya kuonyesha ukubwa kwenye picha, simu au kamera, betri ya akiba, flashi mbili au zaidi za kuhifadhia faili.

Vya kufungashia: masanduku imara yenye vifuniko, kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila rangi, sponji, karatasi laini isiyo na maandishi, kamba, lebo za kufunga kwa uzi.

Vya kukingia majengo: mifuko mitupu, mchanga safi na mkavu, mbao, plaiwudi, turubai, koleo.

Vya usalama: kofia ngumu, glavu, buti, barakoa za vumbi, kisanduku cha huduma ya kwanza, namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi.

Saruji haimo, na haikusahauliwa. Rangi, silikoni na gundi ya dukani hazimo pia. Usikubali mtu akuletee, hata kama anatoa bure.

## Hatua ya 1: Weka kikomo cha kuondoka

Kabla ya kugusa jiwe lolote, kikundi kikubaliane ni dalili gani zikitokea kila mtu anaacha kazi na kuondoka. Kwa mfano: barabara fulani ikifungwa, milio ikisikika upande fulani wa mto, au mtu fulani akituma neno mlilokubaliana. Liandikeni. Mtu aliye katikati ya kazi huona kila mara kwamba zimebaki dakika kumi tu amalize.

Mteue mtu mmoja mwenye neno la mwisho, na mwingine wa kushika nafasi yake asipopatikana.

Wanaojua vitu vilikofichwa ndio wawe wa kwanza kuondoka. Khaled al-Asaad, mwanaakiolojia aliyesimamia malikale ya Palmyra, Syria, kwa takriban miaka 40, alibaki mjini mwaka 2015 na akauawa Agosti ya mwaka huo. Aliyeshika siri hutafutwa, hata akiwa mzee asiye na silaha.

Umefaulu ikiwa: kila mmoja, akiulizwa peke yake, anataja dalili zilezile.

## Hatua ya 2: Kaa na wenye mahali

Hapa wataalamu wengi huharibu. Wanafika na kamera na masanduku, wakati kwa wenyeji hapo ni pa kuvua viatu. Mahali patakatifu pana watu wake: wazee, makuhani, mashehe, watunza funguo, wanawake wanaofagia. Keti nao na uulize mambo matatu:

1. Nani anaruhusiwa kugusa nini?
2. Kitu gani hakipaswi kupigwa picha au kuonekana na wageni?
3. Kitu gani hakiondoki hapa kwa hali yoyote?

Majibu yao yaandikwe na yafuatwe. Kitu kisichopigwa picha kinaweza kuelezwa kwa maneno, na karatasi hiyo akabaki nayo mtunzaji mwenyewe. Kisichoondoka kitakingwa palepale. Ukivunja masharti haya kwa kisingizio cha dharura, utapoteza msaada wa watu pekee watakaobaki karibu na eneo wewe ukiwa mbali.

Uliza pia kuhusu ujuzi: udongo wa plasta huchimbwa wapi, huchanganywa na nini, paa hukarabatiwa majira gani. Makaburi ya watakatifu wa Timbuktu, Mali, yaliyobomolewa mwaka 2012, yalijengwa upya kufikia 2015 kwa mikono ya waashi wa mji huohuo. Iliwezekana kwa sababu ujuzi ulikuwa bado hai vichwani mwao. Mwashi mzee wa kwenu ni sehemu ya eneo, kwa hiyo jina lake liwe kwenye mpango wa kuondoka.

## Hatua ya 3: Andika na piga picha kila kitu

Ukiwa na siku moja tu, imalizie hapa. Jengo lililoanguka bila kumbukumbu limekwenda moja kwa moja. Likiwa na kumbukumbu nzuri linaweza kukarabatiwa, na kilichoibwa kinaweza kudaiwa.

Majengo. Anza kwa mbali, pande zote nne, kisha sogea. Ukizunguka, hakikisha kila picha inarudia sehemu kubwa ya picha iliyotangulia, kama theluthi mbili hivi. Picha zilizopishana namna hiyo zinaweza baadaye kuunganishwa kwa programu ya kompyuta zikatoa umbo kamili la jengo. Usipige dhidi ya jua. Weka rula kwenye kila picha ya karibu. Pigilia misumari karatasini tu, yaani alama zako zibaki kwenye ramani ya mkono, siyo kwenye ukuta.

Vitu. Kila kimoja kipewe namba, kisha uandike: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, vipimo, maandishi au alama zilizopo, kipindi chake kama kinajulikana, na kasoro zake.

Kasoro ndizo zenye thamani kubwa hapa. Vichwa viwili vya mawe vya enzi moja hufanana kama mapacha, na mnunuzi wa mali ya wizi anategemea hilo. Kwa hiyo usiandike "kichwa cha jiwe, kimeharibika kidogo". Andika hivi: "Ncha ya pua imekatika, mkato wa zamani. Ufa wa sentimita 4 kutoka pembe ya jicho la kushoto kuelekea sikioni. Nyuma ya sikio la kulia pamebonyea ukubwa wa ncha ya kidole." Piga picha ya kila kovu peke yake. Hizo ndizo alama za vidole za kitu chako.

Nakala. Ziwe tatu: moja kwenye karatasi, moja kwenye flashi katika mji mwingine, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye nywila.

Onyo: simu nyingi huficha ndani ya picha taarifa za mahali ilipopigwa. Kwenye rejista yako ya siri taarifa hizo unazihitaji. Kwenye picha unayomtumia mtu wa nje, ziondoe. Na usiweke hadharani picha ya chumba chenye vitu, hata kwa nia ya kuomba msaada.

Umefaulu ikiwa: mtu asiyewahi kufika, akiwa na faili lako tu, anaweza kukichagua kitu chenu katikati ya kumi vinavyofanana.

## Hatua ya 4: Taarifa ziwafikie wenye bunduki

Mkataba wa Hague wa 1954 unazitaka pande zinazopigana ziheshimu mali ya kitamaduni. Wengi husoma nusu tu ya sharti: kutoshambulia. Nusu ya pili ni kutolitumia eneo wala mazingira yake ya karibu kwa namna itakayolitia hatarini. Mkataba unaacha upenyo mmoja, ulazima wa kijeshi usioepukika, na makamanda wanaujua. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna anayepata sababu ya kuutumia.

Pitia idara ya malikale au wizara husika. Hao ndio wanaozungumza rasmi na jeshi na UNESCO. Kama nchi ina kamati ya kitaifa ya Ngao ya Buluu, shirika la kulinda mali ya kitamaduni wakati wa vita, wape nao nakala.

Usitume nukta moja ya ramani. Nukta moja hulinda jengo moja, huku makaburi yaliyo mita mia pembeni yakionekana kama uwanja mtupu. Toa pembe zote za mpaka wa eneo, pamoja na maelezo mafupi ya kilichomo, hata kilicho chini ya ardhi. Kisha mwombe aliyepokea akusomee namba hizo. Tarakimu moja iliyokosewa huhamisha hekalu lako hadi kijiji cha pili.

Kuhusu alama. Ngao ya Buluu ni pia jina la alama ya Mkataba huo ya kutambulisha mali ya kitamaduni: ngao yenye mraba wa buluu unaofanya ncha ya chini, pembetatu ya buluu juu yake, na nyeupe pembeni. Ngao tatu pamoja zina masharti yake maalumu, usizichore. Hata ile moja hairuhusiwi kuwekwa kwenye jengo bila kibali chenye tarehe na sahihi ya mamlaka, nacho kionekane hapohapo. Ichorwe kwenye ubao au kitambaa, isichorwe juu ya jiwe la kale.

Nina shaka na watu wanaoiweka bila kufikiri. Alama humzuia mtu anayejali sheria. Kwa mtu aliyekuja mahsusi kubomoa kwa sababu pale ni patakatifu, kama ilivyokuwa Timbuktu, inakuwa kibao cha kumwelekeza njia. Jiulize ni nani anakuja, ndipo uamue.

Kuhusu askari. Mkuu wa kikosi akikuambia ataweka watu wake ndani "kuwalindia", kataa kwa adabu na kwa maandishi. Mnara wa mzunguko wa Samarra, Iraq, ulitumiwa na wadunguaji wa jeshi la Marekani kama kituo cha kuangalizia. Aprili 2005 kilele chake kililipuliwa. Walinzi wa eneo na polisi wa kawaida ni jambo jingine. Unachokikataa ni kambi, magari ya vita, antena na maghala.

Umefaulu ikiwa: una karatasi au ujumbe unaothibitisha kupokelewa, wenye jina la ofisi na tarehe.

## Hatua ya 5: Hamisha vinavyohamishika

Hamisha tu ikiwa unakokwenda ni salama kuliko unakotoka, na njia pia. Bila masharti yote mawili, ficha karibu.

Namna ya kufunga:

1. Andaa sanduku kabla ya kuinua kitu. Weka sponji chini.
2. Inua kwa mikono miwili kutoka kitakoni. Usishike mkono wa sanamu, shingo wala mpini wa chungu. Sehemu hizo nyingi ziliwahi kuvunjika na kuunganishwa zamani.
3. Usioshe, usisugue, usigundishe.
4. Zungushia pamba au karatasi laini, kisha jaza mapengo hadi kitu kisicheze. Tikisa sanduku taratibu. Ukisikia kitu kinagonga, fungua uanze upya.
5. Funga lebo ya namba kwa uzi, na uandike namba hiyohiyo nje ya sanduku. Nje usiandike kilichomo.
6. Mpokeaji asaini orodha. Nakala moja isafiri na sanduku, nyingine isisafiri nalo.

Kitu chenye unyevu kisifungwe kwenye nailoni. Kitaota ukungu kabla ya wiki kuisha.

Mahali pa kuficha pachaguliwe kwa kufikiria miaka mingi mbele, siyo wiki. Wakati wa vita vya Lebanon, msimamizi wa malikale Maurice Chehab na mkewe Olga walivificha vitu vidogo vya Makumbusho ya Taifa ya Beirut chini ya jengo nyuma ya kuta mpya, na majeneza makubwa ya mawe wakayavika mbao na zege. Viliokoka mabomu na waporaji. Lakini vita vilidumu hadi 1990, na kule chini maji ya ardhini yalipanda na kuharibu sehemu ya vitu. Hivyo, kabla ya kuchagua chumba cha chini, uliza majirani maji hufika wapi mvua zikizidi, na uweke masanduku juu ya vichanja.

Kuhusu idadi ya wanaojua, Kabul, Afghanistan, ni mfano mzuri. Dhahabu ya Baktria, hazina ya vito vya kale vya nchi hiyo, ilifichwa mwaka 1989 kwenye chumba cha hazina katika ikulu, na wachache waliojua wakafunga midomo kwa zaidi ya miaka 10, hadi ilipotangazwa salama mwaka 2003. Wengine walidhani imeyeyushwa zamani. Acha wadhani.

Usivushe kitu mpaka bila hati za serikali. Mbele ya afisa wa forodha, wewe na mwizi mnafanana.

## Hatua ya 6: Kinga visivyohamishika

Sasa mifuko. Uelewe inafanya nini: inazuia vipande vya chuma na mawe yanayorushwa na mlipuko, na inapunguza mshtuko. Haizuii bomu linaloangukia jengo lenyewe. Agosti 1943 bomu lilibomoa sehemu kubwa ya ukumbi wa watawa wa Santa Maria delle Grazie mjini Milan, lakini ukuta wenye mchoro wa Leonardo da Vinci wa Karamu ya Mwisho, uliokuwa umekingwa kwa mifuko na mbao, ulibaki umesimama.

Mchanga usichimbwe ndani ya eneo. Babeli, mji wa kale wa Iraq, ilifanywa kambi ya kijeshi mwaka 2003 na 2004, na wachunguzi wa baadaye walikuta mifuko imejazwa udongo wa eneo lenyewe, vigae na mifupa ikiwemo. Walibeba historia kwa koleo ili kujikinga nayo. Mchanga uletwe kutoka nje, uwe mkavu, na usiwe wa baharini. Chumvi yake huingia kwenye mawe na kuyachubua kutoka ndani.

1. Jaza mfuko hadi kati ya nusu na theluthi mbili. Uliojaa pomoni haukai sawa na huacha mianya.
2. Anza kwenye ardhi tambarare, juu ya mbao au changarawe ili maji yapite.
3. Jenga ukuta unaosimama wenyewe. Kitako kiwe kipana, na kila safu iingie ndani kidogo kuliko iliyo chini yake. Panga kama matofali: mfuko ukae juu ya kiungo cha miwili ya chini.
4. Acha nafasi kati ya mifuko na jengo, mkono upite na upepo upite. Hapa ndipo karibu wote hukosea. Mifuko ikiegemea, jengo la kale linabeba uzito ambao halikujengewa, na unyevu unahamia ukutani.
5. Funika juu kwa turubai linaloteremsha maji upande wa nje. Pembeni pabaki wazi.
6. Milango na madirisha yazibwe kwa plaiwudi iliyobanwa kwa kabari za mbao. Usipigilie msumari kwenye jiwe wala kwenye fremu ya zamani. Acha matundu ya hewa.
7. Kata nyasi kavu kuzunguka eneo kwa mikono. Usizichome, na using'oe mizizi iliyoshika mawe.

Sakafu ya mozaiki, yaani picha ya vipande vidogo vya mawe ya rangi, itandikwe kitambaa kinachopitisha hewa, kisha mchanga safi juu. Mozaiki za ukutani ni kazi ya waliofunzwa: hubandikwa kitambaa kwa gundi inayoyeyuka kwa maji, ndipo mifuko ifuate. Wasyria walifanya hivyo katika makumbusho ya Ma'arrat al-Numan kabla ya jengo kupigwa bomu Juni 2015, na mozaiki nyingi zilinusurika. Kama hakuna aliyefunzwa, acha ukuta bila gundi. Hilo siyo jambo la kujaribia kwenye kitu cha miaka 1,500.

Kagua kila wiki ukiweza. Mifuko ya katani huoza, ya plastiki hupukutika kwa jua.

Umefaulu ikiwa: kila ulichoweka kinaweza kuondolewa na watu wawili bila kuacha alama.

## Hatua ya 7: Mapigano yakianza, kaa mbali

Hatua hii ni fupi kwa sababu hakuna la kufanya eneoni. Usirudi kuangalia.

Weka daftari la matukio: tarehe, saa, ulichokiona au kukisikia mwenyewe, na tofauti kabisa, ulichoambiwa na nani. Usiandike wala kupiga picha mienendo ya vikosi. Ukikamatwa na daftari hilo, hakuna atakayeamini kwamba ni la malikale.

## Hatua ya 8: Siku ya kurudi

Kwanza mabomu. Usiingie hadi wataalamu wa kutegua mabomu waseme pako salama. Ukikuta chuma usichokielewa, usikiguse. Rudi kwa nyayo zako mwenyewe, weka alama kwa mbali, toa taarifa. Angalia pia chini. Waliolipua kaburi la Nabii Yunus mjini Mosul mwaka 2014 waliacha mahandaki ya waporaji chini ya kilima, na ardhi ya namna hiyo inaweza kutitia chini ya miguu yako.

Pili picha, kabla ya mtu yeyote kugusa kifusi. Simama palepale ulipopiga picha za hatua ya 3. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa ubomoaji wa Timbuktu. Kesi ya namna hiyo husimama kwa ushahidi, nao huanza na mabaki yaliyoachwa yalipoangukia.

Tatu kifusi. Kitakuja kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, cha serikali au cha mfadhili, kikitaka kusafisha kwa siku moja. Kisimamishe. Gawa eneo kwa kamba katika miraba yenye namba, kusanya vipande kwa mikono, na kila kipande kiandikwe mraba kilikotoka. Kipande cha ukubwa wa kucha chenye rangi upande mmoja ni sehemu ya mchoro. Funika kwa turubai, weka mlinzi. Kuiba ni rahisi zaidi wiki hizi kuliko wakati wa mapigano, kwa kuwa kila mtu anaingia na kutoka.

Nne, vilivyopotea. Linganisha na rejista, andika namba zisizoonekana, na upeleke faili polisi ili lifike Interpol, shirika la polisi la kimataifa, ambayo ina hifadhidata ya kazi za sanaa zilizoibwa. Makovu uliyoyapima kwa futikamba yataanza kazi yake hapo.

Tano, mifuko. Iondolewe kuanzia juu, safu kwa safu, na mchanga urudishwe nje ya eneo. Kabla ya kufungua mlango, waite wenye mahali. Wao ndio waingie kwanza, na kama kuna maneno ya kusema au maji ya kunyunyiza, kamera isubiri nje hadi wamalize.